Jarida Lililomuua Baba

Nililikuta kwenye kabati la vyombo la shangazi yangu, kule mlimani Nkoaranga, tulipopanda kufanya usafi wa Krismasi. Lilikuwa limetandikwa kifudifudi chini ya vikombe vya wageni, juu yake pana kitambaa cha kufuma. Nia yangu ilikuwa kubadilisha karatasi tu, maana ile ilishageuka rangi ya chai. Nikaigeuza, nikakutana na uso wa kaka yangu enzi za ujana wake, nywele zinameta mafuta, kidole shavuni kama mtu anayeumwa jino. Juu ya kichwa chake pameandikwa kwa herufi nyekundu: YATIMA ANAYELIZA WASICHANA.

Nikakaa sakafuni na kikombe mkononi. Miaka yote hiyo nilidhani jarida lile lilishachomwa moto. Hilo ndilo lililomuua baba yangu.

Naomba nieleweke. Wakati nalishika jarida lile, baba alikuwa mzima wa afya, yuko Sakina, mjini Arusha, kwenye kontena lake la spea, bila shaka anabishana na mteja kuhusu breki. Alikufa kwenye maandishi tu. Lakini kwetu, enzi hizo, kufa kwenye maandishi halikuwa jambo la kuchezea.

Kaka yangu alikuwa na sauti. Hilo sitamnyima, ingawa yapo mengi ambayo ningependa kumnyima. Aliimba kwaya ya vijana usharikani, na Jumapili ya Pasaka akina mama walitoa leso kabla hata hajafungua kinywa. Baba alikuwa mzee wa kanisa, anakaa benchi la mbele, na kaka alipoimba baba aliangalia dari kana kwamba anakagua kama linavuja. Hakutaka watu wamwone anavyojisikia. Wote walimwona.

Kisha zikaja zile zama tulizoziita za ruksa, kila mtu huru kufanya biashara. Baba alipunguzwa kazi kwenye shirika la umma alikokuwa mtunza ghala, akafungua kontena kando ya barabara ya Nairobi, mbele ya nyumba yetu. Mama akaanza kuuza mitumba. Maduka yakajaa vitu ambavyo hatukujua kazi yake, na redio mpya zikaanza kupiga muziki mchana kutwa bila kukatiza kutangaza bei ya pamba. Kaka na wenzake wawili wa shule wakaunda kundi, wakawa wanafanya mazoezi nyuma ya kontena mbele ya mataili, wamevaa suruali ambazo wangeweza kuingia wawili wawili. Likizo ilipofika akaomba ruhusa kwenda kumsalimia mjomba Dar es Salaam. Mama akamfungia viazi vitamu vya kuchemsha. Shule zilipofunguliwa, kilichorudi Arusha kilikuwa sauti yake peke yake, inatoka kwenye redio ya kila kibanda kuanzia Sakina hadi stendi.

Darasani kwangu nikawa mtu. Wasichana waliokuwa hawajui hata jina langu wakaanza kunibebea begi. Mmoja aliniomba chochote alichokishika kaka, nikampa kitana chake kilichong'oka meno, akakiweka ndani ya daftari la hisabati mpaka mwalimu alipokigundua. Baba alinuna kuhusu shule, akanuna kwa dhati, lakini wimbo ulipoanza alikuwa anaongeza sauti ya redio kisha anajifanya anatafuta kitu jirani nayo. Wateja akawaambia, bila kuulizwa, kwamba huyo ni kijana wake. Nayasema haya ili ijulikane ni baba wa namna gani aliyeuawa.

Jarida lilichapishwa Dar, la vijana, lenye picha za rangi. Mwandishi akamhoji kaka, na miongoni mwa maswali akamuuliza wazazi wake wanaupokeaje muziki wake. Kaka akajibu kwamba wazazi wake wote wawili wameshafariki, na hana mtu duniani ila mashabiki.

Nakala moja ilipanda hadi Nkoaranga kwenye begi la binamu yangu, mtoto wa shangazi, mwalimu wa shule ya msingi, aliyekuwa amemnyang'anya mwanafunzi darasani. Alilisoma Ijumaa jioni, akalipeleka mbio kwa mama yake. Sasa, mtu wa leo atauliza kwa nini hawakusema ni uongo, wakacheka, wakalala. Watu wa Nkoaranga walikuwa wamesoma magazeti ya serikali maisha yao yote. Gazeti liliandika bei ya kahawa, na bei ikawa hiyo. Liliandika kwamba mkuu fulani ameondolewa, na kweli akawa ameondolewa. Kwamba sasa mtu yeyote mwenye mashine anaweza kuchapa chochote kinachomjia, habari hiyo ilikuwa bado haijapanda mlima. Simu hakuna. Na hata ingekuwepo, kwetu mtu hapigi simu kuuliza kama msiba ni wa kweli. Anachukua kanga na kuondoka. Shangazi alishapata na sababu ya kifo: Sakina ni barabarani, basi ni basi lililoacha njia.

Asubuhi ya Jumamosi nilikuwa uani nafua sare. Baba ametundika kioo kwenye msumari kando ya pipa la maji, ananyoa ndevu. Tukasikia kilio kinatoka barabarani. Mafundi wa Sakina walitoka chini ya magari, wakavua kofia. Pikapu ilikuwa imesimama mbele ya kontena, imejaa mikungu ya ndizi, kuni, madumu ya maziwa, mikeka, na ukoo mzima wa baba juu yake. Shangazi alitangulia. Ni dada mkubwa wa baba, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka upande wa pili wa korongo, na sauti hiyo yote alikuwa ameileta. Akaingia uani mikono kichwani, kanga imekazwa kiunoni, analitaja jina la baba.

Baba akageuka, povu nusu ya uso.

"Shikamoo dada," akasema.

"Marahaba," akajibu shangazi kwa sauti ile ile ya kilio, kwa mazoea tu, kisha akakaa kwenye maji yangu ya sabuni.

Waliokuwa nyuma hawakuona. Waliendelea kuingia wakilia, na kila aliyemwona baba alinyamaza ghafla, akabaki mdomo wazi, akasukumwa na wa nyuma yake. Majirani nao wakaja, maana kilio kimesikika. Kwaya ya usharika ikaja. Mwinjilisti akaja na kitabu chake kwapani. Mama alirudi mbio kutoka sokoni, akaona umati, akapiga yowe kwamba mume wake amekufa. Baba akatokeza mlangoni akamwambia hapana, si yeye. Mama akauliza ni nani basi. Ikabidi aambiwe kwamba ni wao wote wawili.

Wakakaa. Moto ulishawashwa, maana kuna wanawake ambao wakifika msibani hawasubiri kuuliza, wanatafuta mafiga. Ndizi haziwezi kurudishwa mlimani. Kwa hiyo zikapikwa, zikaliwa, na baba akala ndizi za msiba wake mwenyewe, akaongeza. Vicheko vilianza taratibu, kwa aibu, mafundi wakicheka kwa mabega tu. Ndipo baba akamwomba binamu asome yaliyoandikwa. Binamu akasoma lile jibu. Baba akamwomba arudie. Aliporudia hakuna aliyecheka tena. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na magoti ya baba, nikaona mkono wake ukiweka sahani chini polepole, ingawa chakula kilikuwa bado.

Nieleze jambo moja la ukoo wetu. Kwetu msiba hauishi wenyewe. Mtoto wa kwanza wa kiume ndiye anasimama siku ya mwisho, anawashukuru watu kwa makundi yao, walioleta kuni, waliochota maji, walioleta maziwa, waliopika, walioimba, hasahau hata mmoja, kisha anawapa ruhusa waende makwao na mikeka inakunjwa. Asiposimama yeye, watu wataondoka, ndiyo, lakini msiba unabaki wazi. Jioni ile shangazi, akiwa amevaa gauni la mama kwa sababu lake limelowa sabuni, aliuliza kwa aibu afanyeje na mikeka. Watu wakamwangalia baba.

"Aliyetangaza kifo ndiye atakayevunja msiba," baba akasema. "Mimi nitamngoja."

Watu wakaondoka bila kuruhusiwa. Shangazi akakunja mikeka mwenyewe, huku analalamika kwamba haijawahi kutokea.

Tangu siku hiyo baba akawa marehemu, na sijui kama nimewahi kuona marehemu aliyefaidi kama yeye. Kadi ya mchango wa harusi ikija, aliirudisha kwa upole: marehemu hachangii. Balozi wa nyumba kumi akiita mkutano, alituma salamu kwamba msiba wake bado haujavunjwa, haitapendeza aonekane mkutanoni. Bati likivuja, marehemu hapandi paa. Kanisani tu ndiko alikokuwa hai, kwa sababu, alisema, Mungu hasomi magazeti ya Dar. Mama hakupata nafuu yoyote. Alitukumbusha mara nyingi kwamba na yeye alikufa siku ile ile, kwenye sentensi ile ile, lakini bado anafua na bado anapika. Wajomba zangu upande wake walinuna muda mrefu kwamba binti yao amefariki na hawakupewa taarifa.

Nilicheka kama wengine. Lakini wengine walicheka wakaenda kwao, mimi nilikuwa nakula naye meza moja. Geti likigongwa baba aliacha kutafuna. Akishajua ni nani, anaendelea. Alikuwa anamtaka mwanawe, alikuwa na kiburi, na mwanawe alikuwa na aibu, na mimi nilikuwa na hasira na wote wawili.

Mara moja kundi la kaka lilikuja kupiga ukumbi mmoja pale mjini. Bango likabandikwa ukutani mkabala na kontena. Kaka alifika, akaimba, akalala hotelini, akaondoka. Hakukanyaga Sakina. Nilijua baadaye, kutoka kwa yule msichana wa kitana, nikalia kwa hasira mpaka nikapata homa. Baba, kila asubuhi akifungua kontena, aliligeukia lile bango, akaliambia, "Hujambo, yatima." Mvua za masika zilipoanza kulibandua, nilimkuta amepanda ndoo, analirudishia pembe moja kwa gundi ya pancha. Nikapita kama sijaona.

Umaarufu wa kaka haukudumu. Sauti ilizama, akawa anaimba kama mtu aliye ndani ya tangi, na mjini wakaingia vijana wapya wanaosema maneno haraka haraka badala ya kuimba. Kundi likavunjika. Alibaki Dar, akawa anakodisha spika kwenye maharusi. Simu za mkononi zilipoingia, alimpigia mama mara kwa mara. Mama akimwambia aje nyumbani, kaka aliuliza atakuja na uso gani. Mama alimjibu aje na huo huo, kwani hana mwingine. Hakuja.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa nilipokaa kwenye sakafu ya shangazi na lile jarida. Sikuwahi kulisoma. Siku ya msiba tulisomewa jibu moja tu, na baada ya hapo shangazi alilichukua. Alipoingia akanikuta nimelishika, aliweka mikono kiunoni. Alinieleza kwamba karatasi yenye kifo cha ndugu yako huwezi kuichoma, maana utakuwa umemchoma yeye, na huwezi kuitupa, maana mbwa wataikanyaga. Kwa hiyo aliilaza kifudifudi, kile kifo kitazame chini, akaweka vikombe juu ili kisiinuke.

Nikaanza kusoma, na kabla ya nusu ukurasa nilikuwa nalia kwa kicheko. Kaka aliulizwa chakula anachokipenda, akasema piza. Huyu mtoto alikuwa hajawahi kuona piza hata kwenye picha. Alikulia kwenye loshoro, mahindi na maziwa mgando, bakuli mbili mbili, na asipoongezwa ananuna. Rangi aipendayo: nyeusi, kwa sababu ya maisha aliyopitia. Maisha aliyopitia ni kutumwa dukani. Urefu wake ulikuwa umezidishwa hadi ningehitaji ngazi kumfikia. Msichana wa ndoto zake awe mpole, asiyependa makuu, asiyejibujibu. Nikajiuliza kama alinifikiria mimi alipokuwa anataja kinyume chake. Nikasoma hadi mwisho nikitafuta neno moja jema kuhusu baba, hata la bahati mbaya. Halikuwepo. Nilifunga jarida nikiwa nimekasirika upya, kana kwamba mambo yametokea asubuhi ile.

Ndipo nikaiangalia picha, nikaangalia nguo badala ya uso. Yatima alikuwa amevaa koti la kahawia la mirabamiraba. Mikono imefika kwenye vidole, mabega yameanguka. Vifungo vitatu vya kahawia, na cha chini ni cha bluu.

Kifungo kile alikishona mama, alikitoa kwenye sweta langu la shule. Koti lilikuwa la baba, la Jumapili, la tangu enzi za shirika. Lilipotea ile likizo kaka aliposafiri, na baba aliamua kwamba limeibwa na dobi wa Daraja Mbili. Dobi aliapa, baba hakumsikia. Kwa miaka yote hiyo baba alikuwa anazunguka mtaa mzima ili asipite mbele ya pasi ya mtu yule.

Kesho yake nikashuka nalo Sakina. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake mbele ya kontena, anachambua boliti. Nikamwambia nimeleta gazeti lake. Alilijua kabla sijalifungua, akageuza uso, akasema marehemu hasomi. Nikamwambia marehemu aangalie picha basi. Nilimwekea mapajani juu ya boliti na nikasimama pale pale, kwa sababu nilijua nikiondoka atalirudisha kifudifudi.

Alivaa miwani. Badala ya picha akaanza kusoma, mstari kwa mstari, kidole kinafuata. Aliniuliza piza ni kitu gani. Nikamwambia ni kama chapati iliyomwagikiwa nyanya. Akatikisa kichwa, akaendelea. Alipofika kwenye kile kifo, kidole kilisimama, kikapita. Kisha akaangalia picha. Akaileta karibu na macho, akaisogeza mbali. Aliweka kidole kwenye kifungo cha bluu.

"Kumbe aliniua huku amevaa koti langu," akasema.

Nilitegemea hasira. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu kaka akiwa kwenye kwaya. Alicheka mpaka boliti zikamwagika. Kisha akacheka kidogo, kisha akaacha, akafuta miwani kwa shati, akasema koti lilikuwa kubwa mno kwa mtoto, mtu gani alimruhusu apigwe picha vile. Akaniambia nimpigie simu huyo mwizi.

Nilipiga, kaka akapokea akidhani ni mama. Nikamwambia asikate. Baba aliishika simu mbali na sikio, ndivyo ninavyomwona mpaka leo nikimkumbuka.

"Koti langu liko wapi?" akauliza.

Upande wa pili nikasikia mtu anazima spika.

"Lipo, baba," kaka akasema.

"Lilete."

Akanirudishia simu, akaanza kuokota boliti. Nikamsaidia.

Kaka alifika siku mbili tatu kabla ya Krismasi, na begi moja, amenenepa, amevaa miwani ya jua ingawa kulikuwa na ukungu. Aliingia uani akasimama pale pale shangazi alipokaa kwenye sabuni. Baba alipokea shikamoo yake, akapokea koti, akalikagua mshono kwa mshono, akaenda zake ndani kulipima. Mimi na mama ndio tuliosikia maelezo. Kaka alisema meneja wao alimwambia mtoto wa mzee wa kanisa, anayefungiwa viazi na mama yake, hauzi kanda. Yatima anauza. Alisema, na hapa nilimwamini, kwamba alidhani gazeti la Dar haliwezi kufika Nkoaranga. Habari za msiba zilipomfikia alitapika. Kila mwaka alijiambia atakuja mwaka ujao, na kila mwaka ukawa mgumu kuliko uliotangulia. Mama alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia avue ile miwani, akampelekea loshoro.

Baba alikuwa ameshatuma salamu mlimani. Siku ya pili ya Krismasi tulipanda wote Nkoaranga, kuvunja msiba. Ukoo ulikuja na ndizi, kuni, maziwa, kama mara ya kwanza, ila safari hii walikuja wamevaa nguo za sikukuu na mbuzi alikuwa amechinjwa. Shangazi alitandika mikeka ile ile. Mwinjilisti alisema hawezi kuhubiri kwenye jambo kama hili, lakini alikuja kula. Dobi wa Daraja Mbili alikuja pia, baba alikwenda kumwalika mwenyewe na alikaa huko muda mrefu, sijui walizungumza nini. Alipewa kiti karibu na marehemu. Marehemu alikaa katikati, amevaa koti lake. Sasa lilikuwa kubwa kwake yeye, mabega yameanguka kama kwenye picha, na mimi nilikuwa sijaona, kwa kukaa naye kila siku, jinsi alivyokwisha mwili.

Kaka akasimama. Aliwahi kuimbia kumbi zilizojaa, wasichana wamezimia mbele yake, na sasa mbele ya shangazi zetu na mbuzi wa kuchoma sauti haikutoka. Akakohoa. Akawashukuru walioleta kuni. Akawashukuru walioleta maziwa.

"Umeruka watu wa maji," baba akasema kutoka kwenye kiti.

Watu wakacheka. Kaka akarudi nyuma, akawashukuru watu wa maji. Baba akamwambia aongee kwa nguvu, kule kwenye migomba hawasikii, na asiangalie viatu. Kaka akainua kichwa. Mama akasema na yeye ashukuriwe, kwa kuwa alikufa pia na hakuna aliyemlilia hata robo saa. Watu wakacheka zaidi, binamu mwalimu akapiga makofi, na kaka mwenyewe akacheka, nikaona kwamba sasa atamaliza. Akawashukuru wapishi, akaishukuru kwaya. Akafika pale ambapo mtoto wa kwanza anapaswa kusema kwamba wamemsindikiza vizuri baba yetu. Akasema, "Mmemsindikiza," akakwama. Alijaribu tena, akakwama pale pale.

Hakuna aliyejua aangalie wapi. Baba akainuka, akasogea hadi kwa kaka, akamshika mkono juu ya kiwiko. Alizungumza kwa sauti ya chini, lakini mimi nilikuwa nimekaa karibu.

"Sema tu, mwanangu. Jifunze nikiwepo. Siku yenyewe sitakuwepo wa kukusahihisha."

Kaka akajifuta uso kwa kiganja. Baba akarudi kwenye kiti, akakaa, akaweka mikono magotini. Kaka akaanza upya, kwa watu wa kuni.